Meza ya Vipande vya Vigae: Uimara Wake ni Ukingo

Nyumba inapomalizika kujengwa, mara nyingi vipande vya vigae vya sakafuni hutupwa jalalani. Mtu mwenye subira aweza kuvikusanya na kujitengenezea meza ndogo ya sebuleni, isiyodhuriwa upesi na kikombe cha chai ya moto. Lakini meza nyingi za namna hii huharibika mapema, na ubaya huanzia pembeni: maji hupenya, mbao huvimba, na vigae hubanduka kimoja kimoja. Kwa hiyo ukingo si pambo la mwisho, bali hutangulia vigae.

Mbao. Plaiwudi yenye unene wa inchi ¾ yafaa kuliko ubao mtupu, kwa sababu ubao hupanuka na kusinyaa, na vigae hupasuka. Upande wa chini na pembeni kote pakwe rangi mara mbili. Vigae ni vizito. Basi miguu ifungwe kwa skrubu.

Ukingo. Zitengenezwe fito nne za mbao ngumu zilizopigwa randa. Kimo cha ufito kiwe sawa na unene wa plaiwudi, gundi na kigae kwa pamoja. Ukingo ukiwa mfupi, ncha za vigae zitakata mikono ya watoto. Ukizidi, maji yatatuama. Miisho ya fito ikatwe mshazari ili ikutane sawasawa, kisha zitiwe gundi na misumari myembamba.

Vigae. Vifunikwe kwa gunia kabla ya kupigwa nyundo, na macho yakingwe kwa miwani. Vipangwe kwanza bila gundi, pande zilizonyooka zikielekea ukingoni, na kati yake iachwe nafasi ya inchi ⅛. Mpango ukipendeza, vibandikwe kwa gundi ya vigae ifaayo kwa mbao, na kuachwa saa 24.

Kujaza. Saruji nyeupe ikorogwe kwa maji hadi iwe kama uji mzito, isukumwe katika nafasi zote, hasa kandokando ya ukingo. Mikono ivikwe glavu, maana saruji hubabua ngozi. Inapoanza kukauka, uso wa meza ufutwe kwa sifongo yenye unyevu kidogo. Meza ikae kivulini siku 3 kabla ya kutumiwa.

Baadaye mwenye meza autazame ukingo mara kwa mara, na akiona ufa mwembamba aujaze siku ile ile. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.