Vifaa vya Dharura Ndani ya Gari Si vya Kumwonyesha Askari Tu

Msimu wa mavuno unapofika katika kata za Kahe Mashariki na Kahe Magharibi, magari ya mizigo huondoka mashambani kabla ya mapambazuko. Mpunga, mahindi, nyanya na vitunguu hupakiwa usiku ili vifike sokoni wakati wachuuzi wanapoanza kupanga meza zao. Njiani magari hayo hukutana na matrekta yenye tela, baiskeli zilizobeba majani ya ng'ombe, pikipiki na watembea kwa miguu, na sehemu kubwa ya njia haina taa. Gari likiharibika katika hali hiyo, kinachoamua kama tukio litabaki kuwa pancha ya kawaida au litageuka msiba si ukubwa wa injini wala jina la gari. Ni vitu vichache vinavyokaa chini ya kiti au nyuma kwenye buti.

Vitu hivyo vinafahamika: pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, jeki na spana ya gurudumu, tairi la akiba, kipima upepo, kamba ya kuvutia gari, tochi na kisanduku cha huduma ya kwanza. Magari mengi huvibeba. Tatizo ni kwamba vingi hubebwa kwa ajili ya askari wa usalama barabarani, na hasa kwa ajili ya stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Si ajabu kukuta mtungi ambao bado umefungwa nailoni ya dukani, au pembetatu iliyoazimwa kwa jirani asubuhi ya ukaguzi na kurudishwa jioni. Vifaa vya namna hiyo humridhisha mkaguzi, lakini havimsaidii mwenye gari saa nane ya usiku.

Cha kwanza kuchunguzwa ni pembetatu, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Katika barabara za Tanzania, dereva aliyeharibikiwa huvunja matawi ya miti na kuyapanga nyuma ya gari. Kila mtumiaji wa barabara anaielewa lugha hiyo, na mchana husaidia. Lakini jani haliakisi mwanga. Usiku, chini ya taa hafifu au taa zilizopakwa vumbi, tawi huonekana likiwa limekwisha kuwa mita chache mbele ya gurudumu. Lipo na dosari nyingine kubwa zaidi: gari likishatengenezwa, matawi huachwa pale pale, pamoja na mawe yaliyotumika kama kabari. Dereva anayepita huyakwepa leo, huyakuta tena kesho, na keshokutwa huacha kupunguza mwendo kwa kuwa amezoea matawi yasiyo na gari mbele yake. Siku ambayo gari lipo kweli, alama imekwisha kupoteza maana. Mawe, kwa upande wake, hayapotezi maana. Huendelea kupasua matairi na kuangusha waendesha pikipiki.

Pembetatu hufanya kazi tofauti. Uso wake umetengenezwa kwa vipande vidogo vinavyourudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva anayekuja. Haihitaji betri wala waya. Inachohitaji ni usafi, na vumbi la kiangazi katika ukanda huu wa tambarare hutosha kuipofusha. Pembetatu iliyokaa mwaka mzima ndani ya buti pamoja na magunia na mabaki ya mbolea ifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla haijategemewa. Miguu yake nayo ikaguliwe, maana pembetatu nyepesi yenye mguu uliovunjika huangushwa na upepo wa lori la kwanza linalopita.

Umbali wa kuiweka ndio unaokosewa zaidi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kwa kila sekunde. Dereva hutumia sekunde moja au zaidi kutambua alichokiona na kuhamishia mguu kwenye breki, kisha breki nazo huhitaji nafasi. Kwa jumla, hata katika lami kavu na kwa breki nzima, gari hilo husimama baada ya mita zaidi ya 50. Katika lami yenye maji au changarawe ni mbali zaidi. Pembetatu iliyowekwa hatua 10 nyuma ya gari, kama ilivyo desturi ya wengi, humjulisha dereva kuhusu ajali ambayo hawezi tena kuiepuka. Katika barabara kuu, hatua 100 za mtu mzima, ambazo ni kama mita 75, ni kiasi cha busara. Gari likiwa limekwama baada ya kona au mteremko, pembetatu iwekwe kabla ya kona yenyewe, hata kama ni mbali kuliko hapo. Anayekwenda kuiweka aibebe ikiwa imekwisha kufunguliwa, ameielekeza mbele, huku akitembea pembezoni nje ya lami akiyatazama magari yanayokuja. Kizibao chenye kuakisi mwanga, kama kile wanachovaa mafundi wa barabara, kingefaa kukaa ndani ya mlango wa dereva na si kwenye buti, kwa kuwa mtu hukihitaji kabla ya kushuka.

Kwa mtungi wa kuzimia moto, kuna jambo moja ambalo wamiliki wengi hawalitarajii: mtungi mdogo wa gari hutoa unga kwa sekunde chache tu. Hakuna muda wa kujifunza wakati moto unawaka. Pini huvutwa, mdomo wa mtungi huelekezwa kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, kisha unga hupulizwa kwa kufagia kulia na kushoto. Moto ukiwa chini ya boneti, boneti isifunguliwe wazi, kwa sababu hewa inayoingia ghafla huupa moto nguvu na kuurusha usoni. Ifunguliwe upenyo mdogo, unga upulizwe kupitia hapo. Herufi B juu ya mtungi humaanisha kuwa unga wake unafaa kwa moto wa vimiminika kama petroli na dizeli. Mtungi usio na herufi hiyo haufai kwa gari.

Mtetemo wa barabara za vumbi hushindilia unga chini ya mtungi ukawa kama saruji. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi mtungi ugeuzwe juu chini na kugongwa taratibu kwa kiganja, na mshale wa kipimo chake uangaliwe kama bado uko katika rangi ya kijani. Mtungi uliotumika hata kwa sekunde moja huendelea kuvuja gesi, hivyo ni lazima ujazwe upya. Moto ukishashika viti au matairi, kazi ya mtungi imekwisha. Watu waondolewe mbali na simu ipigwe 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kahe iko kilomita takriban 20 kutoka Moshi mjini. Dakika za mwanzo huwa mikononi mwa waliopo. Hata hivyo, lori la mafuta lililopinduka si jambo la mtungi wala la ushujaa. Msamvu mkoani Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka huku wengi wakichota mafuta. Hapo kifaa pekee chenye manufaa ni miguu ya kukimbilia mbali.

Mkoa wa Kilimanjaro una kumbukumbu yake iliyo karibu zaidi. Tarehe 28 Juni 2025, basi na gari dogo la abiria yaligongana katika eneo la Sabasaba wilayani Same na kuwaka moto, na watu wasiopungua 38 walifariki. Taarifa rasmi iliyotolewa baada ya ajali ilieleza kuwa tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari. Barabara hiyo ndiyo inayotumiwa na wakazi wa Kahe wanaosafiri kuelekea Tanga na Dar es Salaam.

Kipima upepo ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, na pengine ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote kwa bei yake. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto likizidi tairi hupasuka. Mzigo wa magunia na jua la mchana huongeza kasi ya jambo hilo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi lililopata moto huonyesha kipimo cha juu kuliko hali yake halisi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani huonyesha kipimo cha kPa, wakati pampu za mafundi wa pancha huonyesha psi, na hapo ndipo watu huamua kukisia kwa kulipiga tairi teke. Hesabu yake ni nyepesi: idadi ya kPa igawanywe kwa 6.9. Tairi linaloandikiwa 220 kPa linahitaji psi 32. Tairi la akiba nalo lipimwe, maana mara nyingi hugundulika kuwa halina upepo siku linapohitajika.

Umri wa tairi pia husomeka. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3517 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama kashata zake bado ni nzima, kwa kuwa mpira huzeeka na kupasuka kwa ndani. Mnunuzi wa tairi la mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kuulizia bei.

Jeki haina mengi, ila udongo wa Kahe una neno lake. Katika mfinyanzi uliolowa wakati wa masika, jeki huzama badala ya kuinua. Kipande cha ubao mpana kilichowekwa chini yake hutatua shida hiyo. Nati zilegezwe gari likiwa bado chini, magurudumu mengine yatiwe kabari, abiria washuke na kukaa mbali na barabara. Hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, hata kuokota nati iliyoviringika.

Vipo vifaa ambavyo huuzwa vikisifiwa kuwa ni vya usalama, navyo huleta hatari. Taa za nyongeza zenye mwanga mkali mweupe ni mfano mmoja. Humwonyesha mwenyewe njia vizuri, lakini humpofusha anayekuja upande wa pili, na mtu aliyepofushwa anaelekea kwenye gari hilo hilo. Mfano mwingine ni muziki, taa za urembo na vichajio vinavyounganishwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa ukatike makusudi umeme unapozidi. Isipokuwepo, kinachopata moto ni waya mrefu unaopita chini ya zulia na viti. Fundi asiyeweka fyuzi karibu na betri hajamaliza kazi. Vivyo hivyo kwa anayebadilisha fyuzi iliyoungua kwa kipande cha karatasi ya sigara au kwa fyuzi kubwa zaidi: ameondoa mlinzi na kumwacha mwizi.

Wenye matrekta na matela nao hawako nje ya somo hili. Utepe wa kuakisi mwanga, mwekundu nyuma na mweupe mbele, hubandikwa kwa dakika chache, na tela lisilo na taa huonekana kutoka mbali. Uoshwe baada ya kazi ya shamba, kwani tope huufunika siku hiyo hiyo.

Imebaki kamba ya kuvutia gari. Kahe ni makutano ya reli, na barabara kadhaa za wakazi hukatiza njia ya treni. Tangu treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporejea Desemba 2019, hakuna sababu ya kuichukulia reli hiyo kama njia iliyolala. Gari likizimika juu ya reli, watu washuke kwanza, wote, kabla ya kujaribu kuliwasha tena au kulisukuma. Treni ikiwa inaonekana, wakimbie kwa mshazari, wakijitenga na reli huku wakielekea upande inakotokea treni, ili vipande vya gari lililogongwa vitupwe nyuma yao. Treni yenye mzigo huhitaji mamia ya mita, wakati mwingine kilomita nzima, ili kusimama, na dereva wake hawezi kukwepa.

Ikiwa reli ni tupu pande zote mbili, kamba na gari la pili huweza kulitoa gari kwa muda mfupi, mradi pawepo mahali pa kufunga. Kamba isifungwe kwenye bampa, kwani hung'oka. Magari mengi madogo ya Kijapani yana pete ya chuma inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa. Pete hiyo huhifadhiwa pamoja na jeki, na kwa kuwa gari hupitia mikono mingi tangu bandarini, mara nyingi haipo. Mwenye gari aitafute leo ndani ya mfuko wa jeki, na asipoikuta, aiulizie kwa wauza vipuri akitaja aina ya gari lake na mwaka, kwani nyuzi za pete hutofautiana kati ya gari moja na jingine.