Vazi la Mchekeshaji Jukwaani

Shule inapojitayarisha kwa mchezo wa kuigiza, nguo za wakuu na mabibi hupata washoni upesi, na nguo ya mchekeshaji huachwa mpaka jioni ya mwisho. Hapo hutafutwa suruali kuukuu, hutobolewa magoti, hupachikwa viraka, mchezaji hupakwa masizi usoni, na kazi imekwisha. Watazamaji hucheka, ni kweli. Lakini wacheka nini? Wacheka umaskini, na huenda katika benchi la nyuma amekaa mzazi mwenye suruali ya viraka vile vile, aliyokuja nayo shuleni kwa kuwa ndiyo nzuri aliyo nayo. Kwa sababu hiyo vazi hili lataka fikira kabla ya mkasi.

Na tutazame mfano mmoja: Launcelot Gobbo katika "Mabepari wa Venisi", mchezo wa Shakespeare ambao tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Mwalimu Julius Nyerere, ilichapishwa mwaka 1969. Nimeuchagua huu kwa kuwa ndani yake imo amri juu ya nguo ya mchekeshaji, nasi washoni ni mara chache kupewa msaada wa namna hiyo na mwandishi mwenyewe.

Kwanza tumjue mtu. Wengi wakisikia habari za mchekeshaji wa Shakespeare hufikiri mara moja kofia yenye masikio ya punda na kengele. Kofia hiyo yafaa mcheshi wa nyumba ya mfalme, kama yule wa "King Lear", Launcelot siye. Yeye ni mtumishi wa Shylock mkopeshaji. Alalamika kwamba njaa ya nyumba ile imemkondesha hata mbavu zake zahesabika. Anapotokea mara ya kwanza, katika Sehemu ya Pili, Onyesho la Pili, shauri lake ni kutoroka au kutotoroka: dhamiri yamvuta huku, shetani amvuta kule. Kisha aja baba yake, mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri. Mwana amfanyia mzaha, halafu apiga magoti kuomba baraka. Na kwa desturi ya jukwaani humpa mzee kisogo, mzee akapapasa nywele akidhani ni ndevu. Mwisho Bassanio ampokea kazini, na kuamuru apewe sare yenye mapambo kuzidi ya wenzake.

Basi twahitaji nguo mbili, moja ya njaa na moja ya majivuno, na kicheko chote kimo katika tofauti yake.

Nguo ya njaa isiwe na matambara. Shylock ni tajiri mwenye mkono mgumu, na tajiri wa namna hiyo humvika mtumishi nguo nzima isiyomfaa, iliyoachwa na mtu mnene. Kijana ndani ya nguo pana huonekana mwembamba bila kutobolewa kitu. Nunua mita 3 za marekani ya upana wa sentimeta 90. Zatosha kijana wa kimo cha sentimeta 160. Pima kifua, ongeza sentimeta 30, ugawe nusu mbele na nusu nyuma. Urefu uwe kutoka begani hadi gotini. Piga bandi kwanza, mvike, mwambie akimbie, ainame, apige magoti, ndipo upeleke kwenye cherehani. Chini ya mkono tia kikwapa cha mraba, sentimeta 15 kila upande, kama afanyavyo fundi wa kanzu. Bila hicho nguo itapasuka siku ya pili ya mazoezi, maana mchekeshaji hufanya kazi na mwili wote. Will Kemp, aliyekuwa mchekeshaji wa kundi la Shakespeare mpaka karibu na mwaka 1599, alicheza ngoma kutoka London mpaka Norwich mwaka 1600, siku tisa za kucheza. Mtu kama huyo hashonewi nguo ya kubana.

Marekani nyeupe hung'aa mno mbele ya taa na kuyavuta macho ya watu wakati wengine wanaposema. Ichemshe katika maji yenye majani mengi ya chai, nayo itakuwa ya kahawia. Suruali yaweza kuwa ya kaki, kuukuu, iliyokatwa chini kidogo ya goti na kupitishwa lastiki katika pindo. Ndani ya magoti shona kitambaa cha pili kinene, kwa ajili ya ile baraka ya mzee.

Nywele ni lazima, kwa sababu mzaha wa ndevu wazitegemea. Katani iliyochanuliwa na kutiwa rangi nyeusi, ikashonwa juu ya kofia ya kitambaa, yafaa sana. Upande wa kisogo uwe mrefu wa kushikika, na mshono uwe imara, maana mzee atauvuta kila usiku. Rangi ya uso iwe kidogo. Uso mweupe na mdomo mwekundu ulipata sifa kwa Joseph Grimaldi katika michezo ya London karne ya 19, na chale wa sarakasi wameurithi. Launcelot ahitaji uso wake mwenyewe, tumwone anapobishana na dhamiri.

Sasa sare. Hapa shule nyingi husahau jambo moja: watumishi wengine wa Bassanio nao lazima wavae sare, la sivyo hakuna atakayejua kwamba ya Launcelot imezidi. Wafanyie wote vizibao vya rangi moja, buluu kwa mfano, vyenye utepe mmoja wa njano ukingoni. Cha Launcelot kipate tepe tatu, na nyingine mabegani, na mifukoni, hata mahali ambapo utepe hauna maana. Upana wake usipungue sentimeta 3, kwani mapambo membamba hupotea kabla ya kufika benchi la kumi. Tundika kizibao jukwaani, uende ukakitazame kutoka mlangoni.

Nimesema kizibao, wala si koti, kwa sababu ya haraka. Katika Onyesho la Tatu Launcelot amwaga Jessica, na hapo yafaa awe bado na nguo ya zamani. Katika Onyesho la Nne amletea Lorenzo barua, tayari ni mtu wa Bassanio. Kati ya kutoka na kuingia pana mistari isiyofika ishirini. Kizibao chavaliwa juu ya shati lile lile, kwa kamba mbili za kufunga mbele, bila vifungo, na rafiki mmoja amngojee nyuma ya pazia akikishika wazi.

Viraka je? Vina mahali pake. Arlecchino, mtumishi katika michezo ya Waitaliano wa karne ya 16, alivivaa kwa umaskini, lakini katika karne iliyofuata vilikuwa vimepangwa kwa pembe sawasawa, rangi kwa rangi, vikawa pambo. Mkicheza mchezo wake, vikateni kwa kipimo cha karatasi ngumu, vyote ukubwa mmoja. Nguo ziwe tayari wiki mbili kabla ya mchezo, na mchezaji azivae katika kila zoezi, mpaka azisahau.