Kati ya Mfalme wa Kaskazini na Mfalme wa Kusini

Jumanne

Danieli alipata maono yake ya mwisho katika mwaka wa tatu wa Koreshi, mfalme wa Uajemi (Dan. 10:1). Kundi la kwanza la Wayahudi lilikuwa limekwisha kurudi Yerusalemu. Hata hivyo nabii huyo mzee alionyeshwa kwamba taabu haijaisha. Falme mbili zingepigana kwa muda mrefu, na nchi ndogo ya watu wake ingekuwa katikati.

Soma Danieli 11:2–9. Wafalme hawa walitegemea nini ili kuulinda utawala wao, na matokeo yalikuwa nini?

Alexander Mkuu aliiangusha Uajemi, kisha akafa Babeli mwaka 323 K.K. akiwa na umri wa miaka 32. Mwanawe mdogo aliuawa kabla ya kutawala, na majemadari wakagawana milki yake. Ptolemy alichukua Misri. Seleucus alipata Babeli na baadaye Siria. Ukisimama Yerusalemu, Misri iko kusini, na majeshi ya Siria huja kutoka kaskazini.

Kwanza walijaribu ndoa (aya ya 6). Antiochus wa Pili wa Siria alimwacha mkewe Laodice, akamwoa Berenice, binti wa mfalme wa Misri. Antiochus alipokufa mwaka 246 K.K., Berenice na mtoto wake mchanga waliuawa. Kaka yake, Ptolemy wa Tatu, akaivamia Siria. Ndoa iliyokusudiwa kuzima vita ikawasha vita vingine.

Soma Danieli 11:10–15. Linganisha na Zaburi 20:7.

Mwaka 217 K.K. majeshi yalikutana Raphia, kusini mwa Gaza. Mwanahistoria Polybius anaandika kwamba Ptolemy wa Nne alikuwa na askari wa miguu 70,000 na tembo 73. Antiochus wa Tatu alikuwa na askari wa miguu 62,000 na tembo 102. Tembo wa Misri walikuwa wa Afrika, na wengi wao waliwaogopa wale wa India wakakataa kuwakabili. Hata hivyo Misri ndiyo iliyoshinda. Wala ushindi huo haukudumu. Mnamo mwaka 200 K.K. Antiochus alirudi na kulishinda jeshi la Misri huko Panium, chini ya Mlima Hermoni, karibu na chemchemi za Yordani.

Wayahudi wengi walimpokea Antiochus kwa furaha. Kwa miaka 100 hivi walikuwa chini ya Misri, na sasa bwana mpya alionekana kuwa mkombozi. Lakini mwaka 167 K.K., chini ya mwanawe, Antiochus wa Nne, hekalu lilitiwa unajisi na waaminifu waliuawa kwa sababu ya kuishika sheria ya Mungu. Waliyemfungulia malango kwa shangwe alikuwa baba wa mtesi wao.

Aya ya 14 inatoa onyo lingine. Inataja watu wakali kati ya watu wa Danieli mwenyewe, walioinuka kana kwamba unabii ungetimia kwa mkono wao. Walianguka. Mungu hakuwaonyesha watu wake mambo yajayo ili wachague jeshi la kulishangilia, bali ili wasikate tamaa majeshi yanapopita. Unabii ni taa ya msafiri. Si upanga wa kumpiga jirani.

Soma Mathayo 16:13–18 na Yohana 18:36. Ufalme wa Kristo unatofautianaje na falme za Danieli 11?

Eneo lile la Panium ndilo lililoitwa baadaye Kaisaria Filipi. Wakati huo Siria na Misri zote mbili zilikuwa chini ya Rumi. Katika nchi ile ile ambapo tembo na mikuki viliamua nani aitawale Yerusalemu, Yesu aliwauliza wanafunzi wachache wao wamwona kuwa nani. Hapo, bila askari hata mmoja, alitangaza kwamba atalijenga kanisa lake, na kwamba mauti haitalishinda. Ufalme wa Ptolemy na ufalme wa Seleucus haupo tena. Kanisa lile lingali linakutana kila Sabato.

Maswali ya Kujadili:

1. Habari za vita kati ya mataifa makubwa zinapofika katika darasa lenu, je, mazungumzo huishia kwenye maombi au kwenye kuchagua upande? Kwa nini?

2. Huenda karibu nawe ameketi mshiriki aliyepoteza ndugu au nyumba kwa sababu ya vita. Danieli 11 inaweza kufundishwaje ili apate tumaini, na siyo hofu zaidi?

3. Zekaria 4:6 inasemaje juu ya njia ambayo kazi ya Mungu hukamilishwa? Ni wapi unajaribiwa kutumia nguvu mahali ambapo Mungu anakuita kungoja?