Kuku wangu wananikimbia, nimewakosea nini?

Shangazi, kuku wangu alichukuliwa na kipanga mchana kweupe, akaacha vifaranga saba wadogo kabisa. Niliwatia kwenye boksi la viatu, usiku nikawawashia taa, nikawalea mwenyewe. Wakinifuata mpaka jikoni; nikikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, wanapanda mapajani. Mwanangu wa miaka minane alimpa kila mmoja jina. Sasa wamepindukia miezi mitatu, wanalala bandani, na nikitokeza tu wanatawanyika. Nikimkamata mmoja anapiga kelele mtaa mzima wasikie. Mtoto analia. Mume wangu anacheka, asema kuku ni kitoweo. Jirani asema kuna mtu kanitia kijicho. Nimewakosea nini? Au niwauze tu?
Mama wa Saba, Kengeja, Pemba

Mwanangu, tummalize jirani kwanza. Kijicho kipo, sibishi, lakini hasidi wa Kengeja angeanzia kwenye mikarafuu yenu, asingehangaika na mafaranga saba.

Hujawakosea kitu. Kuku wako wamekua. Mama yao angekuwa hai, saa hizi angekwishawafukuza yeye mwenyewe. Mtazame koo yeyote hapo mtaani aliyefikisha vifaranga wake miezi miwili au zaidi: juzi alikuwa akiwachakurulia, akipata mdudu anawaita, leo mmoja akimsogelea anadonolewa utosini. Hana chuki naye. Anataka kurudi kutaga, na wao wajitafutie. Wewe hukuwadonoa, wakajiondokea wenyewe.

Hofu hii huja na siku zake, hata kwa kuku asiyewahi kuguswa kwa ubaya. Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, aliandika mwaka 1873 jinsi alivyowavisha vifaranga vikofia vya kuwaziba macho mara walipoanguliwa. Waliofunuliwa mapema walimfuata popote alipokwenda. Aliyefunuliwa siku ya nne alipomwona tu alitimka kwa woga, na mtu ni yule yule, hajamfanya lolote. Wako waliwahi kukuzoea wakiwa wachanga, ndiyo maana ulifaidi mapaja kujaa manyoya kwa wiki zote hizo. Lakini asili ya kuku ni ndege wa msituni huko Asia, na ndege wa msituni anayefikia umri wa kujitegemea bila kujifunza kukimbia haoni mwaka wa pili. Wewe mwenyewe umeniandikia kuwa mama yao kaondoka na kipanga. Sasa jitazame kwa jicho la kuku: unasimama juu yake, kivuli chako kinamfunika, kisha mkono unashuka kutoka juu na kumbana mgongoni. Kipanga naye anakuja hivyo hivyo. Na ile kelele ya kusikika mtaa mzima ndiyo anayopiga kuku aliyenaswa, awe kanaswa na kucha au na vidole vya mama yake mlezi.

Kuna jambo hukuliandika, ila nalikisia. Kengeja kuna karafuu, na karafuu zikianikwa uani, kuku ndiye adui wa nyumba nzima. Akipanda jamvini anaparua, anatawanya, anaacha uchafu, na karafuu chafu inashushwa daraja mbele ya mizani ya ZSTC, shirika linalonunua karafuu. Basi kila mtu anamkurupusha: bibi kwa fimbo, watoto kwa vijiwe, baba kwa kiatu. Kuanika huchukua siku kadhaa za jua, kisha linaanikwa jamvi jingine. Ikiwa mafaranga wako wamekulia katika msimu huo, wamejifunza kwamba binadamu akiinuka, kinachofuata ni fimbo. Hawawezi kujua kwamba wewe ulikuwa ukiwafukuza kwa huruma.

La kufanya ni hili. Acha kuwakimbiza, na mtoto naye aache, hata kama anakimbiza kwa mapenzi. Mbuzi unayo na nazi unakuna kila siku. Kaa pale pale chini, machicha yawe karibu na miguu yako, uwaite kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiwaitia kwenye boksi. Usiwatazame kwa kuwakodolea macho. Endelea na kazi yako. Atakuja mmoja, kwa kawaida mroho wao, na wenzake watamfuata. Mkono upeleke kutoka chini, mbele ya kifua, wenye chenga za mchele, na akila usimshike. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kuku kasogea, mtu anafurahi, anamnyakua, kazi ya wiki nzima inapotea kwa dakika moja. Ukihitaji kumkamata, ngoja usiku akiwa kwenye kichanja chake. Gizani kuku anatulia, unambeba kwa mikono miwili bila ugomvi.

Sikuahidi kwamba watarudi mapajani. Watarudi miguuni, na hilo linatosha. Kwa matembe kuna habari njema: wakikaribia kutaga, miezi mitano sita hivi, ukimsogelea unaweza kumwona anachutama na kutandaza mbawa kidogo, akikuacha umpapase mgongo. Sababu yake naijua, lakini gazeti hili linasomwa na watoto.

Mapora ndio wa kuangaliwa. Usisikitike kwamba wanakuogopa. Pora aliyelelewa mikononi na asimwogope mtu, akishawika anaweza kumhesabu mtu kuwa jogoo mwenzake, akamrukia kwa vipi. Mtoto wa miaka minane, uso wake hauko mbali na vipi hivyo. Pora mwenye adabu ya kukaa mbali kidogo ni baraka.

Kuhusu kuwauza: matembe usiwauze, ni hasara kuwalisha muda wote huu kisha mayai akala mwingine. Katika mapora bakisha mmoja, aliye mtulivu. Kwa wengine, mume wako yuko sahihi, ingawa usimwambie mimi ndiye niliyesema. Mtoto aambiwe mapema, kwa maneno ya wazi, ni yupi anayekwenda sokoni au chunguni. Asije akalitambua jina sahanini.

Mwisho, na hili ndilo zito kuliko yote uliyoniuliza. Kuku anayekukimbia ni mzima. Wa kukutia wasiwasi ni yule aliyekuwa akikimbia, halafu asubuhi moja anakuacha umwokote: kajikunyata, mbawa zimelegea, kinyesi cha kijani, au shingo imepinda. Huo unaweza kuwa mdondo, ule wengine wauitao kideri, na hauna dawa. Ukiingia bandani unaweza kuwafagia wote saba. Kinga yake ni chanjo. Iko inayostahimili joto, ya I-2, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Barua yako haikutaja chanjo hata mara moja. Kesho muulize sheha wenu, au afisa mifugo wa wilaya pale Mkoani, chanjo ya kuku inapatikana lini, na siku hiyo kuku wako wawe wamekamatwa tangu usiku.