Wanataka tutie sahihi tuhame: tufanye nini?

*Mama yangu ana miaka 74 na ameishi katika nyumba hii ya kaunti, hapa Eastlands, tangu alipoolewa. Baba alifariki, lakini jina lililo kwenye vitabu vya kaunti bado ni lake. Tuliitwa mkutanoni tukaambiwa mtaa utabomolewa, yajengwe majumba ya ghorofa, na kila nyumba itapewa pesa za kuhamia kwingine. Sasa watu wanapita mlango kwa mlango na fomu za kutia sahihi. Kaka yangu anataka tuchukue pesa. Mama anasema hatoki. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi hashiki simu. Nyuma ya nyumba tuna vyumba vitatu vya mabati tunavyopangisha, na kodi yake ndiyo inayomnunulia Mama dawa. Tukisaini, tutakuwa tumewasaliti majirani? Tukikataa, tutabaki peke yetu mbele ya tingatinga? Sipati usingizi.*

*Msomaji, Nairobi*

Dada yangu, pole sana, na umfikishie Mama salamu zangu.

Nianze na lililo la haraka. Hiyo fomu msiitie sahihi bado. Sisemi mkatae mradi. Nyumba nyingi za kaunti zimechakaa, mabomba yameoza, na hakuna anayewaombea mwendelee kuishi hivyo. Ninachosema ni kwamba karatasi isiyoeleza mtarudi lini, mtarudi kwa bei gani, na nani atawajibika msiporudi, haistahili sahihi ya mtu. Mwambieni anayeileta awaachie nakala mkaisome. Akikataa kuiacha, mmeshajua mnashughulika na nani.

Umeniuliza kama kusaini ni usaliti. Mimi sioni hivyo. Anayechukua pesa kwa ajili ya mzazi mgonjwa anatafuta namna ya kuishi, na sitamhukumu. Lakini angalia jinsi mlivyowekwa. Kila nyumba inaulizwa peke yake, bila kujua ya jirani imeahidiwa nini. Huyu anaambiwa atapewa kipaumbele, yule anaambiwa wenzake wote wamekwisha kukubali. Hofu yako ya kubaki peke yako inatokana na mpango huo, na itapungua siku mtakapokuwa na orodha yenu wenyewe ya wakazi wote wa mtaa.

Nchini kwetu jambo hili la kujipanga limefanywa mahali pagumu kuliko kwenu. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000 kwenye ardhi ambayo kwa makaratasi ni ya watu wengine. Utawakusanyaje watu wengi hivyo wajadili maji, barabara na makazi? Walijipanga kaya kumi kumi. Kila kumi walimtoa mwakilishi, makundi yakaungana kupanda juu hadi ngazi ya eneo zima, na Muungano wa Wanavijiji, ulioanza 1996 kwa kupinga bomoabomoa, ukawa nao katika kazi hiyo. Faida ya kumi ni kwamba mnajuana kwa majina. Mtu hawezi kudai anawasemea hali hamjawahi kumwona mlangoni. Siwafichi kwamba mwaka 2021, pamoja na mpangilio wote huo, maelfu ya nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Kujipanga hakuzuii kila tingatinga. Ila bila kujipanga hamna hata pa kuanzia kudai.

Kwa hiyo msimngoje mwenyekiti. Wewe na majirani tisa mnatosha kuanza wiki hii. Chukueni daftari la kawaida. Andikeni namba ya nyumba, jina lililo kwenye vitabu vya kaunti, majina ya wanaoishi humo sasa, wameishi tangu lini, watoto wanaosoma shule za karibu, wazee na wagonjwa, na kama kuna malimbikizo ya kodi. Hilo la malimbikizo mlitazame mapema, maana deni la kodi linaweza kutolewa kama sababu ya kumwondoa mtu kwenye hesabu. Lipeni mnachoweza na mtunze risiti, pamoja na ujumbe wa M-Pesa uliochapishwa kwenye karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Wale wapangaji wa vyumba vya mabati nyuma ya nyumba yenu nao ni wakazi wa mtaa. Umewataja kwa ajili ya kodi tu, na naelewa, kwa sababu dawa za Mama si mchezo. Lakini mradi wa namna hii ukija, hao ndio wanaofutwa mwanzo. Hawamo kwenye vitabu vya kaunti, hawaalikwi mkutanoni, na mwenye nyumba akipokea pesa za kuhama wao huambiwa wafungashe. Waandikeni kwenye daftari hilohilo. Najua wapo watakaosema kwamba mkiongeza majina, fungu la kila mmoja litapungua. Mimi nasema mtaa unaodai haki kwa kaunti huku ukiwaficha watu walio uani kwake umejivunjia hoja yake wenyewe. Tena wao ni wengi, na siku ya mkutano wingi una maana.

Jina la marehemu baba nalo lisingoje. Mpelekeni Mama ofisi ya nyumba ya kaunti akiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa au barua ya chifu, na kadi na risiti za kodi za miaka yote mliyohifadhi. Aombe kwa maandishi jina lake liingizwe. Nakala ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa, muirudishe nyumbani. Hata wakichelewa kujibu, muhuri huo ni ushahidi kwamba alijitokeza kabla ya hesabu kufungwa.

Kuhusu sheria, mna mengi mkononi, na lazima mjue pia inapoishia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiomba kwa maandishi mnapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Ombeni mkataba na mwekezaji, ramani ya mradi, orodha ya wapangaji wanaotambuliwa, na ripoti ya athari kwa mazingira. Sheria ya Ardhi nayo, kwa marekebisho ya 2016, inataka hata mtu aliyekalia ardhi ya umma bila kibali apewe notisi ya maandishi ya miezi 3, na watu wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Ikiwa huyo analindwa hivyo, sioni kwa nini mjane aliyelipa kodi miaka yote atendewe vibaya zaidi.

Lakini mahakama haiahidi kwamba hamtaondoka kamwe. Wakazi wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu baada ya notisi ya 2010, ya siku 90, na kukatiwa maji. Mwaka 2013 mahakama ikakubali kwamba haki zao zilivunjwa, kisha ikataka pande zikutane kupanga namna ya kuhama kwa utu. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011. Katika kesi ya wakazi wake, Mahakama ya Juu ilitamka Januari 2021 kwamba watu wasio na ardhi wanaoishi kwenye ardhi ya umma wana haki ya kulindwa, na uamuzi huo ni nguzo kwa nchi nzima. Miaka zaidi ya tisa, dada yangu, na nyumba zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndiyo sababu nasisitiza makubaliano yaandikwe kabla ya mtu yeyote kuhama. Kama kuna kituo cha msaada wa kisheria karibu, wapelekeeni daftari na notisi sasa, msingoje asubuhi ya kubomolewa.

Mtakapokaa mezani, suala la kurudi ndilo mlishike kwa nguvu zaidi. Familia za Soweto Mashariki, Kibera, zilihamishiwa majengo ya muda ya Lang'ata mwaka 2009, familia zikigawana jiko na choo, zikitarajia kukaa kidogo. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa 2016. Kwa mzee wa miaka 74, miaka saba ni muda mrefu mno. Dai lenu liwe ujenzi wa awamu, ili baadhi yenu wahamie majengo mapya kabla ya upande mwingine wa mtaa kuguswa. Pia msikubali kuambiwa mjisajili kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba za bei nafuu, halafu mngoje. Kujisajili kama Mkenya mwingine yeyote hakulingani na ahadi iliyoandikwa kwamba aliyebomolewa nyumba atapewa nyumba hapohapo. Ulizeni pia mzee asiye na mshahara atalipaje, kama anaweza kubaki mpangaji kwa kodi anayoimudu, na kama haki yake inahamia kwa mtoto akifariki.

Kaka yako usigombane naye. Kaeni naye mgawe hizo pesa kwa kodi ya nyumba kama yenu katika mitaa ya jirani, mwone zitatosha miezi mingapi, kisha mlinganishe na miaka ya ujenzi. Mtoe na kodi ya vile vyumba vitatu ambayo haitaingia tena. Hesabu hiyo aifanye kwa mkono wake mwenyewe. Na Mama msimfiche chochote. Ni yeye aliyelipia nyumba hiyo maisha yake yote, na mkutanoni sauti yake itasikilizwa kuliko yangu au yako.

Anzeni na nyumba kumi. Msitie sahihi kabla ya kupata majibu ya kaunti kwa maandishi, na mkiyapata, niandikie tena tuyasome pamoja.