Tafsiri: Saa Yako Unaiuza Bei Gani?

Ndugu zetu, wengi tumejifunza Kiarabu jikoni na saiti, na sasa watu wanatuomba tuwatafsirie. Ni kazi hiyo, si hisani. Tupige hesabu.

Tuseme kurasa 10, riali 3 za Omani kila ukurasa: riali 30. Ukitafsiri kwa saa 12, kila saa umepata riali 2 na baisa 500. Lakini kusoma upya na kusahihisha kumekula saa 3. Sasa ni saa 15, yaani riali 2 tu, na bando hujatoa.

Kwa hiyo:

1. Kabla ya kutaja bei, tafsiri ukurasa mmoja huku unaangalia saa.
2. Chukua nusu ya malipo kwanza, na makubaliano yaandikwe.
3. Hela ya tafsiri iwe na daftari lake. Usiichanganye na ya kutuma nyumbani.

Ila kibali kwanza. Viza ya kazi za ndani au ujenzi hairuhusu kumfanyia kazi mtu mwingine hivi hivi. Usihatarishe mkataba wa miaka 2 kwa riali 30. Kama huna kibali, fanya mazoezi sasa, weka mtaji, biashara uifungue ukirudi.