Chanjo ya Watoto na Ukingo wa Dari

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5–7, Mathayo 9:12.



Jioni moja walinijia baba na mama wa usharika wetu, mtoto wao wa miezi 9 akiwa mgongoni mwa mamaye. Siku zile habari ilikuwa imefika ya kwamba surua imeingia katika kijiji cha ng'ambo ya mto. Mama alitaka mtoto apelekwe kliniki achanjwe. Baba alikataa, wala hakukataa kwa ukali, bali kwa maneno ya Kitabu. Akanena, "Baba Mchungaji, Bwana mwenyewe alifundisha ya kuwa tabibu ni wa wagonjwa. Mtoto huyu ni mzima. Kwa nini nimtie ugonjwa kwa mkono wangu? Akiugua tutamwomba Mungu, na hospitali tutakwenda. Lakini akidhurika kwa sindano niliyoitaka mimi, nitajibu nini mbele za Mungu?"

Mama akasema neno moja tu: "Na akifa kwa surua, baba watoto, utajibu nini?"

Siwafichi, sikuwa na jibu la haraka. Maana swali la baba yule si la mtu mjinga, wala si la leo. Zamani liliupasua mji mzima, na katika habari ile yumo Mwafrika mmoja ambaye yatupasa kumjua.

Mwezi wa Aprili 1721 merikebu iliyotoka kisiwa cha Barbados ilileta ndui katika mji wa Boston, huko Marekani, wakati nchi ile ilipokuwa ingali chini ya Waingereza. Mchungaji mmoja wa mji ule aliitwa Cotton Mather. Huyu aliujua msiba wa mzazi: mwaka 1713, katika muda wa majuma mawili hivi, surua ilimwondolea mke wake, na mapacha waliozaliwa karibuni, na binti yake wa miaka 2, na mtumishi wa kike wa nyumba yake. Tena alikuwa na mtumwa, Mwafrika, aliyepewa na washarika wake mwaka 1706, akamwita Onesimo kwa jina la yule wa Waraka kwa Filemoni. (Jinsi mchungaji awezavyo kuusoma Waraka ule, akachukua jina lililomo, asichukue na neno lenyewe, ni somo la siku nyingine.)

Mather alipomwuliza kama amepata kuugua ndui, Onesimo alijibu kwamba ameugua na tena hakuugua. Kwao Afrika alichanjwa: usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui ulitiwa katika chale ya ngozi yake, akaugua kidogo, na tangu siku ile hakuuogopa ugonjwa huo. Akamwonyesha na kovu lake. Mwaka 1716 Mather aliwaandikia wataalamu wa London habari hiyo. Nasi tusemao Kiswahili twaweza kuisadiki upesi, maana neno "chanjo" latoka katika kuchanja, nalo lingali likikumbuka wembe hata leo tutumiapo sindano.

Basi ndui ilipoenea, tabibu Zabdiel Boylston alikubali kujaribu. Mwezi wa Juni alianza na mwanawe mwenyewe wa miaka 6, pamoja na watumwa wawili wa nyumba yake. Mji ukaghadhibika. Wengine walisema ni dhambi kumtia ugonjwa aliye mzima, na kwamba huko ni kuingilia kazi ya Mungu. Wengine waliidharau kwa kuwa imetoka kwa Waafrika. Mwezi wa Novemba kombora lilitupwa usiku katika dirisha la nyumba ya Mather, lakini halikupasuka.

Maradhi yalipokwisha watu walihesabiwa. Walioupata ugonjwa kwa njia yake ya kawaida walikuwa 5,889, nao waliokufa 844, yaani wapata 14 katika kila watu 100. Boylston aliwachanja watu zaidi ya 240, wakafa 6, yaani 2 au 3 katika kila 100. Tazameni vizuri hesabu hiyo. Wale waliosema kwamba kuchanja kuna hatari hawakusema uongo. Chanjo ya siku zile iliua watu 6. Lakini walisahau kwamba aliyebaki nyumbani naye hakuwa mahali pa salama. Yeye alikuwa katika hatari iliyozidi ile mara tano.

Katika mji ule ule alikuwako kijana wa miaka 15, Benjamin Franklin, akijifunza kazi ya kupiga chapa kwa kaka yake, ambaye gazeti lake lilishindana sana na chanjo. Kijana huyu alipokuwa mtu mzima aliiamini chanjo, akakusudia kumchanja mwanawe Francis. Lakini mtoto alikuwa akiharisha, naye baba akangoja apate nguvu kwanza. Ndui ikatangulia. Mtoto akafa mwaka 1736, umri wake miaka 4. Kisha watu wakaeneza habari kwamba ameuawa na chanjo, hata baba katika msiba wake ilimlazimu kuandika gazetini kwamba mtoto hakuchanjwa kamwe. Katika uzee wake Franklin aliandika kwamba alikuwa angali akijuta. Wako wazazi, alisema, waachao kuchanja kwa kuwa wanaogopa kwamba mtoto akifa kwayo hawatajisamehe. Nao hawajui kwamba majuto ya upande wa pili ni yale yale, na kwa hiyo ni heri kuchagua njia iliyo salama zaidi.

Hilo ndilo neno la mama yule barazani kwangu, naye hajapata kusikia habari za Franklin.

Sisi twadhani ya kuwa kutenda ni kazi yetu, na kutotenda ni kazi ya Mungu; mtu akikaa kimya amejiweka mikononi mwa Bwana, lakini akitenda amejitwika mzigo. Torati haineni hivyo. Yeye ajengaye nyumba aliamriwa aweke ukingo kuzunguka dari, asije akailetea nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka. Mwenye nyumba huyo hakumsukuma mtu. Hakufanya lo lote, na hilo ndilo kosa lake. Tena ukingo huwekwa kwa ajili ya watu wazima wa afya, watembeao juu bila kujua hatari, wala hauwekwi baada ya mtu kuvunjika mguu. Bwana wetu alipotaja tabibu na wagonjwa alikuwa ameketi chakulani pamoja na watoza ushuru, akiwajibu Mafarisayo waliomlaumu. Hakuwa akiwakataza wazazi kuweka ukingo. Naye alipoambiwa ajitupe toka kinara cha hekalu, kwa kuwa malaika watamchukua, yule aliyemwambia alikuwa na andiko mkononi.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishwa, lakini Martin Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa. Katika siku hizo aliwajibu kwa barua wachungaji wa Breslau waliouliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Mengi aliyoyasema ni juu ya kutowaacha jirani. Lakini aliwakemea na watu wa namna nyingine, waliodharau dawa wakisema kwamba Mungu akitaka kuwalinda atawalinda. Hao, alifundisha, wanamjaribu Mungu aliyeziumba dawa. Na mtu asiyejilinda, akamwambukiza mwenziwe, ana hatia ya kifo cha mwenziwe. Walimu wafundishao Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo wakumbuke hapo kwamba maelezo ya Luther hayakomi katika kutoua, bali yadai tumsaidie jirani katika mwili wake.

Na jirani yumo sana katika shauri hili. Surua huambukiza kuliko karibu maradhi yote tuyajuayo: katika watu 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, wapata 9 wataupata. Mgonjwa akiisha kutoka chumbani, hewa ya chumba yaweza kuambukiza hata muda wa saa mbili. Fikirini ibada ya Jumapili, na akina mama walioketi na wachanga. Nchini Tanzania, kama Kenya, chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili miezi 18. Mtoto wa miezi 4 au 7 hana chanjo hiyo bado. Ukingo wake ni watoto wa jirani waliochanjwa, na wataalamu wasema kwamba yapasa wawe wapata 95 katika kila 100 ndipo ugonjwa ukose njia.

Chanjo hii si usaha wa Boston. Ndani yake mna vijidudu vya surua vilivyodhoofishwa, visivyoweza kuleta ugonjwa kamili kwa mtoto mwenye afya. Wengine hupata homa na vipele vichache baada ya siku kadhaa. Mara chache sana mwili hushtuka kwa nguvu, nayo ndiyo sababu ya nesi kuwataka mkae kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Na mtoto mwenye ugonjwa uliomdhoofisha sana kinga aonyeshwe kwa mganga kwanza. Lakini surua yenyewe huleta kichomi, na upofu, na kuvimba kwa ubongo, na kifo.

Yule baba alikuwa na neno jingine, alilolitoa mwisho kwa aibu: amesikia kwamba sindano hizi huwafanya watoto wawe tasa. Uvumi huo ulitembea Kano, kaskazini ya Nigeria, mwaka 2003, hata chanjo ya polio ikasimamishwa. Tusiwacheke watu wa Kano. Mwaka 1996, wakati wa maradhi ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Marekani ilijaribu dawa mpya kwa watoto wa mji huo, nalo jambo hilo likaleta kesi kubwa. Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ong'o. Lakini woga wenye sababu haukuwalinda watoto. Chanjo ilirudi mwaka 2004, baada ya kupimwa na kuonekana safi; kabla ya hapo polio ilikuwa imetoka kule, ikaingia katika nchi zilizokwisha kuwa huru nayo, na watoto wakalemaa.

Hayo nilimweleza, si yote kwa jioni moja. Hakunijibu. Tuliomba pamoja, wakaenda zao gizani, mama mbele.

Siku ya kliniki nilipita pale kumwona mgonjwa, nikamkuta amekaa bentini amempakata mtoto, na kadi imeshikwa katika vidole viwili kana kwamba itamwunguza. Mtoto alikuwa amekwisha kulia na kunyamaza. Akaniuliza, "Na ile ya miezi 18, Baba Mchungaji, ni nani atakayetukumbusha?" Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha ubatizo, nikaandika tarehe kwa kalamu ya risasi kando ya jina la mtoto, kisha nikaanza kutazama majina mengine ya mwaka ule.